Silsila ya Manju

Mavuno yakiisha kuingia ghalani, na pamba ya mwisho ikiwa imekwisha kuchumwa, nchi ya Shinyanga hubadili sura yake: mashamba hubaki na mabua matupu, njia hujaa vumbi, na vijana ambao tangu mvua za kwanza migongo yao ilikuwa imeinama juu ya majembe husimama wima kwa ajili ya jambo ambalo Wasukuma hawalihesabu kuwa mchezo wa kupotezea wakati, bali shughuli yenye heshima na gharama zake, nalo ni mbina, yaani ngoma ya mashindano. Vyama viwili vya kale, Bagika na Bagalu, hukutana uwanja mmoja na saa moja, kila kimoja na duara lake, na ngoma zake, na wachezaji wake, na mbele ya kila duara husimama mtu ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi na kwa Kiswahili huitwa manju: mtunzi wa nyimbo, mwimbishaji wa kundi, na amiri wa watu wake kwa siku ile. Hakimu wa kukaa kitini hapana. Watazamaji wenyewe ndio mizani, maana wao huliacha duara hili wakaenda lile, na yule ambaye jua likichwa ana umati mkubwa zaidi ndiye aliyeshinda.

Katika nyimbo atungazo kwa siku kama hiyo manju hujitaja jina lake na la mji wake, humkejeli hasimu wake, hutoa habari za dunia kama azionavyo, na aghalabu humtaja pia mtu aliyempa dawa na maarifa ya ngoma. Jambo hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ziko nchi ambazo mtunzi hukumbukwa peke yake kama mti uliojiotea jangwani, na jina la mwalimu wake halina budi kutafutwa na wanachuoni katika makaratasi yaliyoliwa na mchwa. Na iko nchi hii ya Usukuma, ambako jina la mwalimu limo ndani ya wimbo na huitikiwa na kundi zima. Nataka kusimulia silsila mbili za watunzi na walimu wao, moja ya hapa na moja ya mbali sana, ambazo katika karne ya 19 zilikuwa zikiendelea katika miaka ile ile bila ya kujuana, hata siku moja zikagusana.

Silsila ya hapa huanzia kwa watu wawili, Ngika na Gumha, wote wawili waganga na wote wawili mafundi wa ngoma. Mapokeo husema ya kwamba walishindana juu ya nguvu za dawa zao, na kwa kuwa hapakuwa na mahakama iwezayo kuamua dawa ya nani ni kali kuliko ya mwenziwe, shauri likakatwa kwa ngoma: kila mmoja acheze na watu wake, na ambaye dawa yake itawavuta watazamaji wengi ndiye mwenye haki. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na shauri lile halijakatika hata leo. Kijana aingiapo katika ngoma hachagui upande wake kwa kupendezwa na mavazi au kwa wingi wa wachezaji. Upande wake ni ule wa mwalimu aliyempa dawa, na upande wa mwalimu ni ule wa aliyemtangulia, mtu hata mtu, mpaka kufika kwa mmoja wa wale wawili. Watu wa pwani wataielewa habari hii upesi, kwa sababu wenye twarika nao huihesabu yao vivyo hivyo, toka sheikh hata sheikh.

Dawa hiyo huitwa samba, na kazi yake ni kuwavuta watu: macho yao yasichoke, miguu yao isiondoke, nyoyo zao zielekee kwa manju. Asiyejua atadhani ya kwamba hapa pana uganga tu na hapana elimu ya muziki. Mimi nasadiki kinyume chake. Mwanafunzi aliyekwenda kwa fundi kuomba samba hakuondoka na mizizi peke yake. Alikaa, akasikiliza, akaitikia, akajifunza namna ya kulianza neno juu na kulishusha ili kundi lipate pa kuingilia, namna ya kunyamaza pale hasimu anapokuwa amewachosha watu kwa makelele, na namna ya kuupasua wimbo katikati kwa maneno ya kunena, yasiyo na sauti ya kuimba, kisha akaurudisha. Dawa ilikuwa muhuri wa mafunzo, na iliyafunga mafunzo katika amana ya siri. Nyimbo za msimu mpya zilitungwa na kufundishwa kwa faragha, mbali na masikio ya upande wa pili, maana wimbo uliokwisha kusikiwa haukuwa na nguvu siku ya mashindano. Manju aliyerudi uwanjani na nyimbo za mwaka uliopita alikuwa kama mwenye duka anayeuza mkate wa jana.

Hizo zilikuwa zama za misafara. Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi, ambao lugha zao zimekaribiana hata mmoja humfahamu mwenziwe bila mkalimani, walibeba pembe kwenda Bagamoyo na kurudi na nguo na chumvi, na njiani miezi ile waliimba. Walikuwapo Bayege wawindao tembo, na Bayeye wajuao nyoka na makato ya sumu yake, na Banunguli wachimbao nungunungu waharibuo mashamba, na kila chama kati ya hivi kilikuwa na nyimbo zake, na miiko yake, na walimu wake, na maneno ambayo asiyefunzwa aliyasikia bila kuyaelewa.

Sasa tuvuke bahari. Katika miaka hiyo hiyo mji wa Vienna ulikuwa kitovu cha muziki ambao wataalamu huuita wa ulimbwende wa mwisho, muziki wa hisia nzito na wa ala nyingi kwa pamoja, na majina ya wakubwa wake, kama Brahms, Bruckner na Mahler, yamefika hata kwetu. Lakini wakubwa hao nao walifunzwa, na walimu wao leo hawajulikani ila kwa wachache. Mahler alipokuwa kijana katika chuo cha muziki cha Vienna alifunzwa utunzi na Franz Krenn, mzee aliyezaliwa mwaka 1816, na elimu ya kuzipatanisha sauti akafunzwa na Robert Fuchs. Fuchs huyu, aliyezaliwa mwaka 1847, alifundisha katika chuo hicho kwa zaidi ya miaka 35, na mikononi mwake walipita Hugo Wolf, na Sibelius wa Finland, na Zemlinsky, na Schreker, na Enescu wa Romania, kundi ambalo mwalimu ye yote mwingine angelitamani hata robo yake. Yeye mwenyewe alitunga simfonia na serenadi ambazo Brahms, mtu mgumu wa kusifu, alizisifu. Wanafunzi wakang'aa, mwalimu akabaki kivulini mwao, naye akafa mwaka 1927.

Mbali na Vienna, upande wa mashariki wa dola ya Austria, katika nchi ya Bukovina ambayo leo imegawanyika baina ya Ukraine na Romania, alikuwako padre wa Kiorthodoksi aitwaye Sydir Vorobkevych, mshairi na mtunzi, aliyezaliwa mwaka 1836. Alikwenda Vienna akasoma kwa Krenn yule yule, kisha akarudi kwao Czernowitz kufundisha vijana kuimba. Nasema alirudi, na neno hili lina uzito wake, kwa sababu wengi hawakurudi. Katika vijana aliowafunza wawili walipata jina. Wa kwanza ni Ciprian Porumbescu, aliyekufa mwaka 1883 kabla hajatimiza miaka 30, na ambaye sauti ya wimbo wake mmoja ndiyo leo wimbo wa taifa la Albania. Wa pili ni Eusebius Mandyczewski, mwana wa padre, aliyezaliwa mwaka 1857, naye ndiye uzi utakaoturudisha nyumbani.

Mandyczewski aliingia Vienna akasoma kwa Fuchs na kwa Gustav Nottebohm, mtu aliyetumia maisha yake kuzisoma daftari za Beethoven, akawa rafiki wa karibu wa Brahms, na tangu mwaka 1887 akawa mtunza nyaraka wa jumuiya kubwa ya wapenda muziki mjini humo. Alitunga nyimbo za ibada kwa kanisa la baba yake, lakini sehemu kubwa ya umri wake aliitoa kwa kazi za watu wengine: alizihariri nyimbo za Schubert, kazi iliyompatia shahada ya heshima ya Leipzig mwaka 1897, na uzeeni, pamoja na mwanafunzi wake Hans Gál, akazikusanya kazi zote za Brahms katika majalada 26. Yeye ni mfano wa watu ambao bila wao wakubwa wangelipotea, na ambao dunia huwalipa kwa kuwasahau. Basi, katika nyumba za Vienna alikokwenda kufundisha ilikuwamo nyumba ya Helene Magnus, mwimbaji aliyeziimba nyimbo za Brahms, na mwanawe Helene, Erich von Hornbostel, aliyezaliwa mwaka 1877, akafunzwa na Mandyczewski tangu ujana ufundi wa kuziendesha sauti mbili au tatu, kila moja na njia yake, zisigombane.

Kijana huyu hakuwa mtunzi. Alisoma kemia, akapata udaktari wake mwaka 1900, kisha akaenda Berlin, ambako mwaka huo huo Carl Stumpf alikuwa ameanzisha hazina ya sauti zilizonaswa kwa fonografu. Na tangu mwaka 1905 Hornbostel akawa msimamizi wake. Fonografu ya zama zile ilikuwa na pembe ya kuingizia sauti na sindano iliyochora mawimbi yake juu ya silinda ya nta, na silinda moja haikuchukua zaidi ya dakika chache. Mwimbaji aliyezoea kuimba usiku kucha alitakiwa kuubana wimbo wake katika muda wa kuchemsha chai. Silinda zilipakiwa katika masanduku zikasafirishwa toka makoloni ya Ujerumani, na katika hizo zilikuwamo zenye sauti za Wanyamwezi. Mwaka 1909, katika jarida la Anthropos, Hornbostel alichapisha makala marefu juu ya nyimbo za Wanyamwezi, na hivyo sikio lililofunzwa na rafiki wa Brahms likakaa chumbani Berlin, likairudia silinda mara ishirini, likiandika kwa noti namna watu wa nchi yetu wanavyoanzisha na kuitikia. Kahama, iliyo leo ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ni nchi ya Wanyamwezi na Wasumbwa. Wimbo ule haukuwa wa watu wa mbali na sisi.

Alichokisikia kilimsumbua miaka mingi, na mwaka 1928 alieleza neno ambalo mimi naliona la thamani kubwa. Mzungu, alisema, huutambua mwendo wa wimbo kwa kusikia pigo. Lakini Mwafrika huuanzia katika mwili, na kuinua mkono kabla ya kupiga ni sehemu ya pigo lenyewe, tena sehemu yenye nguvu. Aliyepata kushika jembe pamoja na kundi katika mashamba ya Shinyanga hahitaji silinda kulithibitisha neno hili. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, jembe hurushwa likazunguka hewani na kudakwa, na mtu ajuaye kucheza hujulikana kwa namna alivyolitoa mkononi. Kulima na kuimba vilikuwa kazi moja: vijana wa kijiji chini ya nsumba ntale wao, kiongozi waliyemchagua wenyewe, waliliingia shamba la mwenye haja kwa mstari mmoja, na manju akaupanga mwendo wa mikono yao. Padre aliyesomea Vienna hakuwahi kuwa na kwaya iliyotii namna ile.

Lakini Hornbostel alisema neno la pili, ya kwamba muziki wa Afrika na wa Ulaya umejengwa juu ya misingi miwili isiyoweza kuchanganywa, na hapo sikubaliani naye. Alikuwa na nia njema: aliogopa nyimbo zetu zisifutwe na tenzi za misheni. Yeye mwenyewe hakupata salama. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza kazini kwa sababu ya asili ya mama yake ya Kiyahudi, akaenda New York, kisha Uingereza, na mwaka 1935 akafa Cambridge, mbali na silinda zake.

Mwaka uliofuata, 1936, alikufa manju mashuhuri kuliko wote ambao nchi hii imewazaa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Igulu Bugomola, lakini kwa urefu wa miguu yake watu walimwita Ng'wana Malundi, na jina hilo ndilo lililobaki. Kila mtoto wa Usukuma amesikia ya kwamba akinyoosha kidole mti hukauka. Hadithi hii siidharau, kwa kuwa ni namna ambayo watu walitumia kueleza nguvu waliyoiona uwanjani. Ila inanihuzunisha kwamba mtenda miujiza amemfunika fundi wa ngoma. Watu hukusanyika kuuliza habari za mti uliokauka, na ni wachache waulizao alifundishwa na nani kulishika kundi, alianzaje wimbo, na nani walijifunza kwake. Hata sisi, wenye desturi ya kuitaja silsila, tumeanza kumkumbuka mkubwa wetu kama wazungu wawakumbukavyo wao, peke yake.

Mwaka huo huo wa 1936 jarida moja la elimu ya mila mjini London lilitoa makala juu ya ngoma za pepo za Tanganyika, na mwandishi wake alikuwa mtu wa Vienna, Hans Koritschoner. Baadaye alibadili jina akajiita Hans Cory, akawa mtaalamu wa mila wa serikali, akafanya makao yake Mwanza, akaandika juu ya sheria na desturi za Wasukuma, na mwaka 1953 akatoa kitabu juu ya michoro ya ukutani ya wacheza na nyoka. Alizaliwa mwaka 1888, wakati Fuchs na Mandyczewski walikuwa wangali kazini katika mji ule ule, na alikufa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru wetu. Aliitumikia serikali ya kikoloni, na maandishi yake yaliisaidia kutawala. Hilo lazima lisemwe. Lakini aliingia katika nyumba za mafunzo za Bayeye, akaziona kuta ambazo kwazo mwalimu alimfundisha mwanafunzi mambo ya chama, na alielewa ya kwamba mbele yake palikuwa na chuo, chenye mitaala yake na viapo vyake, ingawa hakikuwa na madawati.

Na juu ya neno la Hornbostel kwamba misingi miwili haichanganyiki, jibu lilitoka Bujora, karibu na Mwanza, ambako tangu miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga kanisa lenye alama za utemi wa Kisukuma na makumbusho ya mambo ya kale, na kuipa ngoma nafasi ambayo watangulizi wake waliikataza. Kwa sikukuu ya Ekaristi, iitwayo huko Bulabo, yaani maua, vyama vya ngoma hualikwa mpaka leo, na Bagika na Bagalu hushindana baada ya maandamano ya sakramenti. Mwimbaji wa kwaya asubuhi huweza kuwa mchezaji wa duara alasiri, na katika kifua kimoja sauti nne za Ulaya na kiitikio cha mbina hukaa bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Imebaki habari ya Geita. Nchi ile, ng'ambo ya ghuba toka Mwanza, iliwavuta watu kwa mambo mawili. La kwanza ni dhahabu, ambayo mgodi wake mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mpya ukafunguliwa mwaka 2000. La pili, lililowavuta wengi zaidi, ni ardhi: mashamba ya Shinyanga na Kwimba yalikuwa yamechoka na mifugo imejaa, na katika mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 serikali ilihimiza watu wahamie Geita wakafyeke misitu na kuwafukuza mbung'o. Wakaenda, familia kwa familia, na ng'ombe wao na mbegu zao za pamba. Kule hawakuwa na makaburi ya wazee wala ntemi wa ukoo wao, na majirani walikuwa Wazinza, wenye lugha yao na mila zao. Lakini ngoma zilikuwamo katika mizigo, na msimu wa mavuno ulipofika maduara mawili yalichorwa katika vumbi jipya. Wigashe nayo, ngoma ya vijana waimbao wakiwa wameketi, kama jina lake linavyosema, ilikwenda nao, ikapata mambo mapya ya kuimba: bei ya pamba, chama cha ushirika, na wachimbaji waliorudi na fedha au waliorudi mikono mitupu.

Yuko leo kijana aliyezaliwa Geita, ambaye Shinyanga hajapata kuiona ila kwa dirisha la basi, na ambaye mchana hushinda katika mashimo ya wachimbaji wadogo na jioni huwafundisha wenziwe wimbo wa msimu. Muulize yu wa upande gani, atajibu bila kufikiri, Bagika au Bagalu. Muulize kwa nini, naye ataweka chini kilicho mkononi mwake, ataanza kuhesabu kwa vidole: mwalimu wake, na mji alikotoka, mwalimu wa mwalimu wake, na mji wake, na aliyemfunza huyo, aliyebaki upande wa pili wa maji.